Nairobi hadi Nairobi kwa siku tano: madeni ya barabarani

Jioni ya kuamkia safari

Tulikutana kwenye kibanda cha Fundi kule Kariobangi, watu saba: waendeshaji baiskeli sita, na mzee mmoja ambaye sote tunamwita Kocha ingawa hakuna aliyewahi kumlipa hata shilingi. Mpango wetu ulikuwa kuzunguka kutoka Nairobi na kurudi Nairobi kwa siku tano, tukipitia Naivasha, Nakuru, Nyahururu na Nyeri, na kuhesabu muda kama unavyohesabiwa katika mashindano makubwa ya hatua ya Ulaya, ambako kila siku ina mshindi wake lakini bingwa ni yule ambaye jumla ya muda wake wa siku zote ni ndogo kuliko ya wenzake. Kocha angetufuata kwa pikapu yake akiwa na maji, ndizi, saa ya michezo na daftari la shule. Tuliiga pia zawadi za sekunde wanazopewa wanaotangulia kufika: wa kwanza hupunguziwa sekunde 10, wa pili 6 na wa tatu 4, na wote wanaofika katika kundi moja huandikiwa muda mmoja.

Wenzangu walikuwa Fundi mwenyewe. Sista, muuguzi mwembamba ambaye hupanda mlima kama anayepanda ngazi za kwao. Mwalimu, mzito na mwenye nguvu za ajabu kwenye tambarare. Na ndugu wawili wa Kikuyu ambao tangu mwanzo walitangaza kwamba mdogo atamfanyia kazi mkubwa. Mimi ni mhasibu. Ninaitaja kazi yangu kwa sababu mtu anayeshinda mchana kutwa akiandika nani anamdai nani hakupaswa kufanya nilichofanya siku ya pili.

Kanuni zilizoandikwa zilijaza nusu ukurasa. Sista aliuliza kuhusu zile zisizoandikwa, na Kocha akafunga daftari. "Hizo mtazikuta njiani," alisema.

Siku ya kwanza: Nairobi hadi Naivasha

Tuliondoka Westlands saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla matatu hazijaikamata Waiyaki Way. Hadi njia panda ya Rironi hatukushindana hata kidogo, na huo si uzembe bali ni desturi: katika Tour de France, shindano kubwa la baiskeli la Ufaransa, msafara hutoka mjini ukifuata gari la mkurugenzi wa mashindano polepole, watu wakipungiwa mikono, na saa huanza kuhesabu pale tu bendera inapoteremshwa kwenye kilomita ya sifuri. Tulipopita Kikuyu kaka mkubwa alituonyesha upande wa Mai-ai-hii, ambako David Kinjah amewafunza vijana baiskeli kwa miaka mingi. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni mvulana aliyezaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, ambaye baadaye alishinda Tour mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, akiiendeshea Uingereza. Mwaka 2006 alikuwa bado anavaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne, jambo ambalo Mwalimu hulisema kila tukipita hapo kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Kwenye mteremko wa kuelekea Mai Mahiu tuliafikiana kwamba saa isimamishwe. Malori yalikuwa yakiteremka kwa gia ndogo, breki zikinuka kama mpira ulioungua, na hakuna sekunde yenye thamani ya kupenya kati ya trela na ukingo wa bonde. Tulisimama kidogo kwenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, tukala ndizi, kisha saa ikaanza tena.

Kutoka hapo hadi Naivasha, mlima Longonot ukiwa kushoto kwetu, ndipo somo la kwanza la mchezo huu lilipojionyesha. Adui mkuu wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare ni hewa, na anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, umbali wa shubiri mbili tatu, huokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake. Mambo mengine yote hutokana na hilo. Ndiyo maana timu za mashindano makubwa, zenye waendeshaji wanane kila moja, huwa na mmoja anayelindwa na saba wanaopasua upepo kwa zamu, wanaorudi kwenye gari kuchukua chupa za maji na kuzisambaza, na ambao majina yao hayasikiki. Ndiyo maana pia kukaa nyuma ya wengine siku nzima bila kushika zamu mbele, kisha kuwapita mwishoni, huhesabiwa kuwa aibu, ingawa hakuna mwamuzi anayeweza kukutoza faini. Sisi tulishika zamu vizuri, kila mmoja dakika moja mbele, kisha anajitenga pembeni na kurudi mkiani. Kaka mdogo alishika dakika tatu tatu, zake na za kaka yake.

Kilomita mbili kabla ya Naivasha ndugu hao wawili walianza kumtazama Sista, Sista akawatazama wao, na mwendo ukashuka hadi wa kwenda sokoni. Mwalimu, ambaye hakuwa akitazamwa na yeyote, alitupita kwa kasi upande wa kulia na hatukumwona tena hadi kibao cha mji. Kocha alicheka mpaka akazima pikapu. Alitukumbusha siku ya Mandela katika Tour ya mwaka 2015, tarehe 18 Julai, ambapo Wafaransa wawili, Pinot na Bardet, walipanda hadi juu ya mji wa Mende wakichungana, na Steve Cummings wa MTN-Qhubeka, timu ya Afrika Kusini, akawafikia juu, akawapita bila kupunguza mwendo na kushinda hatua. Wawili wanaochungana, kila mmoja akingoja mwenzake atoke kwanza, humfungulia mlango wa tatu.

Siku ya pili: Naivasha hadi Nakuru

Siku hii ni fupi, kilomita 70 hivi, na ningependa iwe fupi pia katika simulizi hili, lakini haiwezekani.

Tulipanda kuelekea Gilgil tukiwa kundi moja. Karibu na kilele cha kilima cha mwisho kabla ya mji Fundi alibadilisha gia kubwa kwenda ndogo wakati mguu ukiwa bado umekandamiza pedeli kwa nguvu, kosa ambalo yeye mwenyewe hutukanya kila wiki, na mnyororo ukaruka gia zote, ukaangukia kati ya meno na spoki na kukwama hapo. Nilisikia mlio wake, ule mlio mkavu wa chuma kinachotafuna chuma. Niligeuka, nikamwona anashuka. Halafu niliinuka kwenye kiti na kuchomoka.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku ile. Nilijiambia kwamba tayari nilikuwa nimepanga kuchomoka kwenye kilima kile, na hiyo ni kweli. Nilijiambia kwamba kuhifadhi mnyororo wako ni sehemu ya mchezo kama kuhifadhi pumzi yako. Lakini nilipofika juu na kutazama chini niliona wanne wengine wamesimama pembeni mwa barabara, Mwalimu ameshika tandiko la baiskeli ya Fundi, Sista anavuta mnyororo kwa vidole, na mimi peke yangu nikaendelea na safari, ziwa Elementaita liking'aa kushoto na malori ya barabara kuu yakinipiga kwa upepo wake. Walipoteza dakika mbili na zaidi. Waliposhika njia tena walifanya kazi pamoja na kunirudia sana, lakini nilifika Nakuru sekunde 48 mbele yao.

Kocha aliandika muda wa wengine kwa kalamu ya wino. Alipofika kwenye mstari wangu alichomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akaandika kwa penseli, akafunga daftari bila kusema neno.

Usiku, juu ya sinia la ugali na sukuma wiki, hakuna aliyenilaumu moja kwa moja. Waliuzungumzia mwaka 2010. Anayefuatilia mchezo huu anaujua: kwenye mlima wa Port de Balès, katika milima ya Pyrenees, Andy Schleck akiwa amevaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza Tour, alichomoka, mnyororo wake ukaruka, na Alberto Contador akampita na kwenda zake. Siku ile Contador alipata sekunde 39 na kuivaa yeye jezi ya njano, na alipofika Paris alikuwa bingwa kwa tofauti ya sekunde 39 zilezile. Mwaka 2012 alinyang'anywa taji hilo kwa sababu nyingine kabisa, ya dawa, na Schleck akapewa, lakini watu wakilikumbuka shindano lile huanza na mnyororo.

"Kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, hazisemi popote kwamba lazima mtu angojwe," nilisema.

"Hazisemi," Mwalimu alikubali, akajimegea ugali.

Sista, kwa mshangao wangu, alisimama upande wangu kwa nusu. Alisema desturi hii ina mipaka ambayo watu huisahau wanapokasirika: hakuna anayelazimika kungoja pale ambapo vita vimeshapamba moto na kila mtu ameshatoa alichonacho, na hakuna anayemngojea mtu aliyeanguka kwa sababu ya kujaribu kuteremka kwa kasi asiyoiweza. Ugumu ni kujua nani anaamua kwamba vita vimeshaanza. Mwaka 2015, kwenye hatua ya kuelekea La Toussuire, Vincenzo Nibali alichomoka wakati Froome alipopata hitilafu, Nibali akasema hakuona, Froome akamfokea baada ya mbio. Mwaka 2017 Fabio Aru alichomoka wakati Froome ameinua mkono kuomba msaada wa gari, na wapinzani wengine wakamzuia na kungoja. Hakuna aliyeadhibiwa na waamuzi.

Kaka mdogo, ambaye ana umri wa miaka kumi na tisa na huongea mara chache, alitaja mwaka 2022: Tadej Pogačar alianguka akiteremka Spandelles akimfukuza Jonas Vingegaard mwenye jezi ya njano, Vingegaard akapunguza mwendo na kumngoja, na Pogačar alipomfikia akamnyooshea mkono wakashikana wakiwa barabarani. Kisha Vingegaard akapanda Hautacam na kumwacha kwa zaidi ya dakika moja.

"Kwa hiyo kumngoja hakukumpunguzia kitu," alimaliza. Nilisema nimeshiba.

Siku ya tatu: Nakuru hadi Nyahururu

Njia ya Subukia haina mzaha. Barabara hupanda, hushuka bondeni, huvuka mstari wa ikweta, kisha hupanda tena hadi mtu anaanza kuhesabu nguzo za umeme. Sista aliondoka bila kuchomoka; aliendelea tu na mwendo wake, na sisi ndio tuliopungua. Ndugu wawili walimfuata kwa muda. Nilikuwa nyuma yao mita hamsini hivi nilipoona jambo dogo ambalo mtazamaji wa televisheni angelipita: kaka mdogo, ambaye siku hiyo alikuwa na miguu bora kuliko ya mkubwa, alitangulia hatua kama ishirini kumfuata Sista, akageuka, akamwona kaka yake amekunja uso, akaacha kukanyaga. Alingoja. Akakaa mbele yake na kumvuta hadi juu.

Mambo hayo yana historia ndefu. Mwaka 1934 kijana wa Kifaransa aliyeitwa René Vietto alimpa kiongozi wake Antonin Magne gurudumu lake, akakaa juu ya ukuta wa mawe kando ya njia akilia huku akingoja jingine, na Magne akashinda Tour. Mwaka 2012, kwenye mlima wa La Toussuire, Froome huyuhuyu wetu alimwacha kiongozi wake Bradley Wiggins, akasikia sauti sikioni, akapunguza mwendo na kumngoja. Wiggins akawa bingwa na Froome wa pili. Nilimuuliza kaka mdogo jioni kama ilimuuma. Alisema kwamba karo yake ya chuo mwaka jana ililipwa na huyo aliyekuwa akimvuta, na akaniuliza kama nina swali lingine.

Nyuma kabisa Mwalimu na Fundi walipanda pamoja wakizungumza. Katika mashindano makubwa kundi hilo la mwisho lina heshima yake: wazito, waliochoka na wenye majeraha hukusanyika, huacha uhasama wa timu, hugawana maji na hukokotoa pamoja mwendo unaotosha kufika kabla ya muda wa mwisho, maana anayechelewa kupita asilimia fulani ya muda wa mshindi hufukuzwa mashindanoni. Humo mtu hachomoki. Kocha alikuwa ametupa nusu saa, nao wakafika dakika ya ishirini na sita, Mwalimu akiwa ameimaliza chupa ya Fundi na Fundi akiwa amekula ndizi ya Mwalimu.

Nilifika wa nne, dakika 1 na sekunde 50 nyuma ya Sista. Jioni hesabu zilisomeka hivi: Sista wa kwanza, kaka mkubwa nyuma yake kwa sekunde 37, mimi wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 6. Bila zile sekunde za penseli ningekuwa mbali zaidi. Nilijua, na wengine walijua.

Kabla ya kulala tulisikiliza maporomoko ya Thomson yakinguruma gizani, na Kocha akamkumbuka Suleiman Kangangi, Mkenya aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017 na aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni kule Vermont, Marekani. Tulikaa kimya kidogo. Baada yake Kocha, kana kwamba anabadilisha mazungumzo, alisimulia kisa cha Charly Gaul wa Luxembourg katika Giro d'Italia, mashindano makubwa ya hatua ya Italia, ya mwaka 1957. Gaul, akiwa anaongoza, alisimama kando ya njia kujisaidia haja ndogo. Kwa desturi kiongozi akisimama kwa haja hiyo wengine hupunguza mwendo. Lakini siku ile Louison Bobet na wenzake walikanyaga, na Gaul akapoteza mashindano. Siku iliyofuata Gaul, ambaye hakuwa tena na la kupoteza, alitumia nguvu zake zote kumsaidia Mwitaliano Gastone Nencini ambaye hakuwa hata wa timu yake, na Giro ikaisha Nencini akiwa bingwa na Bobet wa pili, kwa tofauti ya sekunde 19.

Kocha hakunitazama aliposimulia. Fundi pia hakunitazama.

Siku ya nne: Nyahururu hadi Nyeri

Kutoka Nyahururu hadi Nyeri ni karibu kilomita 100, milima ya Nyandarua ikiwa kulia na Mlima Kenya ukijitokeza mbele kushoto asubuhi wingu linapokubali. Baada ya Ndaragwa miti hupungua na upepo hupata uwanja. Siku hiyo ulitoka kushoto, haukuwa wa kelele, ulikuwa wa kusukuma tu bila kuacha, na nyasi zote za kando zililala upande mmoja.

Upepo wa ubavuni ndio mtihani mkali kuliko mlima, na ni vigumu kuueleza kwa asiyewahi kuuonja. Upepo ukitoka mbele, kivuli cha mwenzako kiko nyuma yake moja kwa moja. Ukitoka kushoto, kivuli hicho husogea kulia na nyuma. Basi wa kwanza hukaa ukingoni kabisa upande unakotoka upepo, wa pili humfuata akiwa kulia kwake kidogo, wa tatu kulia kwa huyo, hadi safu iwe ya mshazari inayokata barabara. Barabara ina upana wake, na sisi tulikuwa tumekubaliana kutovuka mstari mweupe wa katikati hata kukiwa hakuna gari. Upande wetu ulitosha watu watano. Tulikuwa sita.

Katika safu kama hiyo anayekaa mwisho ndiye mlinda mlango. Akisogea nusu hatua ndani, kunakuwa na nafasi ya mtu mwingine. Akishikilia mstari, aliye nyuma yake hana kivuli chochote. Hubaki akining'inia kwenye ukingo wa safu akila upepo mzima, akiwa na mwendo uleule wa wale wanaobadilishana zamu. Timu kubwa hutumia jambo hili kwa makusudi. Mwaka 2016 karibu na Montpellier, Peter Sagan na msaidizi wake Bodnar walichomoka kwenye upepo wakiwa na Froome na Geraint Thomas, na wapinzani wa Froome wakabaki wakitazamana. Mwaka 2019 kwenye njia ya Albi kundi lilikatika vipande na Thibaut Pinot akapoteza dakika 1 na sekunde 40 kwenye barabara isiyo na kilima cha kutaja.

Mwalimu alianza. Niliona anasogea ukingoni, ndugu wawili wakajipanga, Sista akateleza katikati yao kama maji, na nafasi ya tano ikabaki wazi. Nilikuwa karibu nayo. Fundi alikuwa karibu zaidi.

Aliingia, akashika mstari mweupe kama aliyechorwa juu yake, na akageuza shingo mara moja kunitazama. Usoni mwake hapakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyoitazama rimu iliyopinda, akikadiria kazi yake itachukua muda gani. Halafu Mwalimu akaongeza mwendo.

Nilivumilia kilomita nne. Niliomba kwa sauti, "Fundi, nafasi kidogo, ndugu yangu," naye akajibu kwa upole kabisa kwamba barabara imejaa. Ilikuwa imejaa kweli. Hapo ndipo uzuri wa adhabu ya kundi ulipo: hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenizuia, hakuna kanuni iliyovunjwa, na kama ningelalamika kwa Kocha ningelalamikia jiometri. Gurudumu la Fundi lilijitenga na langu kwa upana wa kiganja, kisha kwa mita moja, na mita moja kwenye upepo wa ubavuni ni sawa na kilomita. Niliwaona wakiwa wadogo hadi Mweiga. Pikapu ya Kocha ilinipita, ikapunguza mwendo, dirisha likashuka, nikapewa maji. Aliishika chupa upande wake kwa sekunde moja zaidi ya inavyohitajika huku gari likisogea, ule msaada mdogo wa chupa ambao waamuzi wa Ulaya huufumbia macho siku njema na kuutoza faini siku mbaya. Nadhani alinihurumia.

Nilipoteza dakika 7 na sekunde 12. Mwalimu alishinda, kaka mkubwa wa pili, Fundi wa tatu.

Jioni, nje ya nyumba ya wageni, Fundi alipindua baiskeli zote sita juu ya matandiko yake na kuanza kuzisafisha kama afanyavyo kila siku. Yangu ilikuwa ya tano. Alichovya mswaki wa zamani kwenye kopo la mafuta ya taa, akausugua mnyororo pingili kwa pingili, akafuta kwa kipande cha fulana, akatia tone moja la mafuta juu ya kila pingili na kuzungusha pedeli nyuma polepole huku akisikiliza. Pingili moja ilikuwa ngumu. Aliikunja kwa vidole gumba viwili, kushoto, kulia, hadi ikalegea. Nilimshikia tochi. Nilimwomba radhi kwa habari ya Gilgil, naye akaniambia nisogeze mwanga kidogo, haoni.

Siku ya tano: Nyeri hadi Nairobi

Sista aliongoza kwa sekunde 31. Kwa desturi siku ya mwisho ya Tour hakuna anayemshambulia mwenye jezi ya njano. Kundi huingia Paris likipiga picha na kunywa kutoka kwenye bilauri, na mashindano ya kweli ya siku hiyo ni ya wanaowania ushindi wa hatua tu. Desturi hiyo haikuwa na nafasi mwaka 1989, siku ya mwisho ilipokuwa ya kila mtu peke yake dhidi ya saa, na Greg LeMond akamshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8 za jumla. Karibu na Karatina, mahali ambapo barabara huinuka kidogo, kaka mdogo aliinuka kwenye kiti na kuchungulia nyuma. Kaka mkubwa alimwita kwa jina, mara moja tu, kwa Kikikuyu, naye akakaa.

Sagana na Makutano zilipita kwa mazungumzo na mahindi ya kuchoma. Tulikuwa tumeamua kwamba mstari wa mwisho uwe kabla ya kuingia Thika, maana kushindana kwenye barabara kuu yenye matatu za Githurai si ushujaa. Zilipobaki kilomita tatu nilisogea kando ya Fundi, ambaye hajawahi kushinda hatua yoyote katika maisha yake, nikamwambia akae nyuma ya gurudumu langu. Alikaa. Kumvuta mtu kwa ajili ya mbio za mwisho ni kazi ya kuhesabu: ukianza mapema unamwacha kwenye upepo, ukichelewa mmezungukwa, na ukiyumba kushoto au kulia badala ya kushika mstari wako unaweza kuwaangusha wote. Nilikanyaga hadi macho yakaona mwanga mweupe, nikajitenga pembeni zilipobaki mita mia mbili hivi, na Fundi akatoka nyuma yangu kama risasi. Kwa mita mia moja na tisini alikuwa mshindi. Mwalimu alimpita kwa nusu gurudumu.

Baada ya hapo tuliingia Nairobi wawili wawili, polepole, Sista akiwa mbele kwa sababu tulimlazimisha.

Tulimalizia kwenye kibanda cha chai karibu na uwanja wa Kasarani. Kocha alifungua daftari, akasoma jumla ya kila mmoja, Sista akapigiwa makofi na mama muuza mandazi ambaye hakujua ni ya nini. Kisha mzee akaurudia ukurasa wa siku ya pili. Mstari wangu ulikuwa bado wa penseli. Hazikubadilisha kitu tena sekunde zile. Hata pamoja nazo niliachwa mbali. Alitoa kifutio kwenye mfuko wa shati, akakiweka mezani kando ya kalamu ya wino, na kumwuliza Fundi kipi atumie.

Fundi alimaliza kutafuna mandazi kwanza.

"Andika tu kwa kalamu, Mzee," alisema. "Mimi nilishajilipa kule Ndaragwa."